Ukiona Jambo la Kutia Shaka Karibu na Boma Lako

Maandishi ya mazungumzo ya baraza kwa wakaazi wa Garsen na vijiji vya Tana Delta



Mazungumzo haya yanahusu jambo moja: mtu akiona kitu kinachomtia shaka karibu na nyumbani kwake, afanye nini? Kwingi nchini, somo hili huanza kwa kuwaonya watu wajihadhari na wageni. Hapa Garsen onyo hilo halimfikishi mtu mbali. Ukitoka Malindi ukafika Minjila, njia moja inaendelea Hola hadi Garissa, na nyingine inaingia Garsen, inavuka daraja la mto Tana na kuelekea Gamba, Witu na Lamu. Wageni hupita hapa kila siku. Kiangazi kikikaza, wafugaji huleta ng'ombe kutoka mbali kutafuta majani na maji ya Delta. Msimu wa maembe ukifika, wanunuzi huja na malori. Mkaazi atakayemshuku kila asiyemjua hatapata usingizi, na atawakosea watu wengi wasio na hatia.

Kwa hivyo swali la kwanza la kujiuliza ni: anafanya nini, saa ngapi, na mahali gani? Swali la kabila lake, nguo zake au lafudhi yake halijibu chochote.

Tana River ina sababu ya kulitilia mkazo jambo hili. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu wasiopungua 48 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako miongoni mwa waliouawa walikuwamo maafisa 9 wa polisi. Serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku, na Rais Mwai Kibaki akaunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, tena alfajiri, ikawa zamu ya Kipao, na watu wasiopungua 39 wakapoteza maisha. Hapa hapatatajwa nani alimvamia nani. Waliokuwapo wanajua, na makaburi yako pande zote.

Lakini kuna jambo moja la kufikiria. Kundi kubwa la watu wenye mapanga, mikuki na mishale halichipuki alfajiri kama uyoga. Linakutana mahali fulani usiku. Linapikiwa na kula. Mapanga yananolewa na kuna anayesikia yakinolewa. Kama kuna mto wa kuvuka, kuna mwenye mtumbwi. Ni vigumu sana kuamini kwamba katika matayarisho ya namna hiyo hakuna mama, mke, ndugu au jirani anayeona lolote. Anaona, ila wanaojitayarisha ni watoto wake au wa ukoo wake, na kwa hiyo halioni kuwa jambo la kutia shaka. Hii ndiyo sehemu ngumu ya somo zima, na mabaraza mengi huiruka kwa sababu haipendezi kusikika. Hatari kwa kijiji cha jirani inaweza kuanzia jikoni kwako.

Sasa, ni dalili gani za kuangalia?

Karibu na nyumba, dalili nyingi ni ndogo. Mtu anawauliza watoto baba hurudi saa ngapi kutoka shambani au msikitini, nani hulala nyumba ile ya pembeni, mbwa yuko wapi. Pikipiki isiyo na nambari inapita mara tatu au nne mbele ya zizi lile lile, taratibu, bila abiria. Ua umekatwa kidogo mahali ambapo jana ulikuwa mzima. Mtu anabisha hodi na kujitambulisha kuwa ametumwa na ofisi fulani kuandikisha watu wa msaada, anaomba kitambulisho na nambari ya simu, lakini hana barua, na naibu chifu hana habari naye. Mpangaji analipa kodi ya miezi mingi kwa pesa taslimu, anakataa kuonyesha kitambulisho, na wageni wake huja usiku tu. Mwenye nyumba ana haki ya kuona kitambulisho na kuweka nakala kabla ya kutoa ufunguo, na yule anayesita kuuliza kwa kuona haya akumbuke kwamba wenzake wote wa ploti wanalala nyuma ya ukuta mmoja na mgeni huyo.

Kijijini kwa jumla, dalili huwa nzito zaidi. Akina mama na watoto wanahamishwa usiku ilhali hakuna mafuriko. Mifugo inaondolewa ghafla kwenye malisho mazuri. Vijana hawalali nyumbani siku kadhaa na hakuna anayesema wako wapi. Mtu mmoja ananunua mapanga mengi na hana shamba la kutosha hata jembe moja. Karatasi za vitisho zinaokotwa njiani au kwenye mlango wa duka. Malka, yaani njia ya ng'ombe kwenda mtoni, inazibwa usiku bila mazungumzo, au mifugo inaingizwa kwa makusudi kwenye mpunga unaokaribia kuvunwa. Haya mawili ya mwisho mengi huyaita ugomvi wa kawaida, na mara nyingi ni ugomvi wa kawaida kweli. Yaripotiwe hivyo hivyo, maana ugomvi wa malka ukisuluhishwa siku ya kwanza hugharimu kikao kimoja cha wazee.

Pia kuna hatari isiyotokana na ardhi wala maji. Usiku wa tarehe 5 Julai 2014, wiki chache baada ya shambulio la Mpeketoni, kituo cha polisi cha Gamba kilivamiwa. Barabara ya kwenda Lamu na misitu iliyo kando yake bado inahitaji macho. Mchanja kuni au mchunga mbuzi anayekuta majivu ya moto mpya, mikebe ya chakula na mahali palipolaliwa, mbali na njia ya kawaida, asiguse kitu wala asifuate nyayo. Ageuke alikotoka, kisha atoe habari. Na mzazi ambaye kijana wake ameahidiwa kazi yenye mshahara mnono mahali pasipojulikana, na ameambiwa asiage, asingoje wiki ipite.

Mafuriko nayo yana dalili zake. Tana inapofurika na familia zikahamia kambini kwenye miinuko, nyumba hubaki tupu na wezi hujua. Boma moja likubaliane na jingine nani atapita kuangalia mchana, na mtumbwi unaosheheni mabati, magodoro na sola kutoka kijiji kilichohamwa uulizwe swali, hata kama mwenye kupiga kasia anafahamika.

Umeona. Ufanye nini?

Kwanza, usimkabili mtu wala usimfuate. Salamu tu inatosha. Mila ya pwani ya kumsalimu mpita njia, kumuuliza atokako na kumwelekeza njia ni ulinzi wa zamani kuliko kamera. Mgeni mwema hufurahi kuelekezwa. Mwenye nia mbaya hujua kwamba ameonekana. Lakini kama ni usiku, au wako wengi, au wana silaha, hata salamu iache. Ingia ndani, funga mlango, weka watoto pamoja.

Pili, shika mambo kichwani au yaandike kwenye simu. Kuna tofauti kubwa kati ya ripoti mbili za jambo moja. Mtu anaweza kupiga simu akasema, "Kuna watu wabaya huku Minjila, njooni haraka." Afisa hana pa kuanzia. Mwingine anasema, "Saa mbili na robo usiku, pikipiki mbili bila nambari, watu wanne, wana mizigo mirefu iliyofungwa kwa turubai, wameacha lami na kuelekea upande wa mto." Ripoti ya pili haikutaja kabila la mtu yeyote, na ndiyo yenye msaada.

Tatu, toa habari kwa mtu atakayeiandika. Kwa jambo lisilo la dharura, mzee wa kijiji au mzee wa Nyumba Kumi ni mwanzo mzuri, kisha naibu chifu na chifu. Jambo la dharura halipiti kwa mtu mwingine: piga 999, 112 au 911 moja kwa moja. Ukifika kituoni, hakikisha taarifa imeingizwa kwenye kitabu cha OB na uombe nambari yake. Bila nambari hiyo, wiki ijayo hakuna wa kukuambia taarifa ilifika wapi. Sehemu za Delta zisizo na mtandao wa simu zinahitaji mpango wao: kila kijiji kijue mapema ni kijana gani mwenye pikipiki au mtumbwi atakayetumwa, na kituo gani kiko karibu maji yakiwa yamejaa.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kuitwa wachongezi, au kwa kuogopa kulipiziwa. Hofu hiyo si ya kuchekwa katika kijiji ambako kila mtu anajua sauti ya mwenzake. Idara ya Upelelezi wa Jinai ina nambari ya bure, 0800 722 203, ambayo mtu anaweza kuitumia bila kutaja jina lake. Na kwa shahidi wa kesi kubwa anayetishiwa, sheria ya mwaka 2006 iliweka mpango wa kulinda mashahidi. Malalamiko dhidi ya afisa wa polisi mwenyewe hupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA.

Kuhusu simu za mkononi, neno moja. Picha ya mtu unayemshuku haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Usiku wa wasiwasi, sauti ya nusu dakika isemayo "wanakuja" inafika Hola, Malindi na Mombasa kabla ya chifu kuvaa viatu, na anayeisikia upande wa pili naye anatoka na panga kwa kujihami. Kumpa afisa wa serikali habari unayojua ni ya uongo ni kosa la jinai. Kuchochea chuki kati ya makabila kunakatazwa na sheria ya utangamano ya mwaka 2008. Vipaza sauti vya msikiti na kengele za kanisa ziwe za kutangaza moto, mafuriko na uvamizi. Zisitumiwe kumtaja mtu.

Mshukiwa akishikwa papo hapo akitenda kosa kubwa, sheria inamruhusu raia kumzuia, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hairuhusu kumpiga, kumvua nguo wala kumchoma. Anayetupa jiwe la kwanza anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na hata kama aliyeuawa alikuwa mwizi kweli, majina ya wenzake yamekufa naye.

Liko pia suala la Nyumba Kumi yenyewe. Mpango huu, ambao Watanzania waliuzoea tangu enzi za TANU, ulisukumwa kwa nguvu nchini Kenya mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate. Mjini hufanya kazi kwa sababu nyumba kumi ni watu mchanganyiko. Katika Delta, nyumba kumi zinaweza kuwa za babu mmoja. Kikundi cha namna hiyo kitaona kila kitu kinachotoka nje na hakitaona chochote kinachotoka ndani. Dawa yake haihitaji bajeti. Mzee wa kijiji cha wakulima awe na nambari ya simu ya mzee wa kijiji cha wafugaji kilicho jirani, na awe amewahi kuipiga siku ya amani, hata kuuliza bei ya maziwa. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na Matadeda wa Waorma wanajua kuketi pamoja. Vijana na akina mama nao waketi, kwa kuwa wao ndio walio mtoni na malishoni saa za alfajiri.

Serikali ya kaunti haiamrishi polisi. Kazi hiyo ni ya serikali ya kitaifa, na ofisi za Kamishna wa Kaunti na manaibu wake ndizo zinazosimamia machifu. Lakini sheria ya polisi ya mwaka 2011 iliweka mamlaka ya upolisi ya kaunti ambayo gavana ni mwenyekiti wake, na kamati za ulinzi wa jamii zinaweza kufikisha huko malalamiko ya kijiji kilicho mbali na kituo, au cha taarifa zinazorudiwa bila jibu. Kijiji kikienda na orodha ya nambari za OB, na tarehe zake, kitasikilizwa kwa namna nyingine.

Nambari za kuandika leo kwenye mlango wa ndani, mahali ambapo hata mtoto anaweza kusoma: 999, 112 na 911 kwa dharura ya polisi; 0800 722 203 kwa habari za siri; 116 kwa mtoto aliye hatarini; 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Chini yake, kwa kalamu, iandikwe nambari ya naibu chifu na ya mzee wa kijiji cha pili.