Gurudumu Zito Humuumiza Mnyama

Leo tuzungumzie beringi za mkokoteni. Huku kwetu Mbulu na Hanang, vumbi la kiangazi na tope la masika huingia kwenye habu na kuharibu grisi. Gurudumu likiwa zito, punda au maksai huvuta kwa shida, na nira humchubua.

Kwanza mfungue mnyama. Weka mawe kwenye gurudumu la pili, inua upande mmoja kwa jeki, kisha utegemeze kwa gogo imara. Zungusha gurudumu. Likikwaruza au likicheza, fungua. Osha beringi kwa mafuta ya taa, mbali na moto, uiache ikauke kabisa. Yenye kutu au ufa, badilisha. Shindilia grisi mpya kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili. Kaza nati mpaka gurudumu liwe zito, halafu ilegeze kidogo: lizunguke kwa urahisi bila kucheza. Rudisha pini na kifuniko. Oili chafu ya gari haifai, huvuja njiani.

Kagua kabla ya masika na kila baada ya kuvuka maji. Beringi ikivunjika porini, madumu hayafiki nyumbani. Watoto na ndama watalala na kiu.