Nani Atashuhudia Udhaifu?



Kama unasali katika kanisa lolote la hapa kwetu, kipindi cha ushuhuda unakijua. Mtu anasimama, anasalimu, anasema alikuwa hana kazi na sasa anayo. Alikuwa anaumwa na vipimo vya juzi vimerudi safi. Kiwanja kilichokuwa na kesi kimepatikana. Tunapiga makofi, tunamshukuru Mungu, na kumshukuru ni haki yake. Sina neno na shukrani hizo. Neno langu leo ni juu ya yule aliyekaa benchi la nyuma, aliyekunywa tena Ijumaa baada ya kuahidi mbele ya wazee wa kanisa kwamba ameacha. Na yule mama anayeongoza maombi ya wanawake, ambaye hajaweza kuomba akiwa peke yake tangu alipomzika mwanawe. Hao zamu yao ya kushuhudia ni lini?

Mtume Paulo aliyaona haya, ya kusikiliza wenye ushindi tu, kule Korintho. Ulikuwa mji wa biashara wenye bandari pande mbili, na watu wake walipenda msemaji hodari. Kanisa la pale lilianza kumpima Paulo: barua zake nzito, lakini akija mwenyewe anaonekana mnyonge, na kuzungumza hajui. Wakaja wengine wenye maneno ya kuvutia, wakijisifia mambo makubwa. Paulo angeweza kushindana nao kwa kipimo chao, maana miaka kumi na minne nyuma alikuwa amepata ufunuo mkuu kupita kiasi. Anautaja kwa kifupi tu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine, kisha anageukia mwiba uliokuwa mwilini mwake. Hasemi ni mwiba gani. Wapo waliodhani ni ugonjwa wa macho, wengine homa, wengine watu waliomsumbua. Nafurahi kwamba hakusema, kwa sababu kila mmoja wetu anaweza kuuweka wake pale.

Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa. Alipewa neema ya kuishi nao, akaambiwa kwamba nguvu za Mungu hupata nafasi palepale ambapo za mtu zimekwisha. Tulifikirie hili taratibu, wapendwa. Mtume aliomba, hakupata alichokiomba, na habari hiyo akaliandikia kanisa zima. Leo, katika mikutano yetu mingi, angeambiwa imani yake ni haba, arudi kwenye mfungo.

Nasi wa Afrika Mashariki tunayo historia yetu wenyewe ya jambo hili, na inanisikitisha tunavyoisahau. Mwaka 1929, Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, walikutana watu wawili. Mmoja ni Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa mmisionari huko Gahini, Rwanda. Alikuwa ametoka katika miezi ya njaa kali, amechoka mwili na roho. Wa pili ni Simeoni Nsibambi, Mganda, aliyekuwa ameajiriwa na serikali katika idara ya afya. Wakakaa pamoja na Biblia zao siku mbili, wakisoma na kuomba, wote wawili wakiwa na kiu ileile. Kumbuka ni 1929, chini ya utawala wa Waingereza. Daktari Mzungu anakaa na Mwafrika kama mhitaji mwenzake mbele ya Mungu, si kama mwalimu mbele ya mwanafunzi.

Katika miaka ya 1930 uamsho wa kiroho ukawaka Gahini, ukaenda Kigezi na Buganda, ukaingia Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wake wakaitwa balokole, waliookoka, na ndio hao tuliowaita walokole. Wakikutana, mtu alitaja dhambi yake kwa jina: nimeiba mali ya kazini, namwonea mwenzangu wivu, nimemdharau mke wangu. Vitu vilivyoibwa vikarudishwa kwa wenyewe. Wamisionari wakawaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo siku zile. Wenyewe waliita jambo hilo kutembea nuruni.

Mwenye dhambi kutubu siku anapookoka si jambo geni. Geni lilikuwa kwamba hata waliokwisha kuokoka siku nyingi, walimu, wainjilisti, baadaye maaskofu, waliendelea kusimama na kusema, ndugu zangu, wiki hii nimeanguka hapa. Na wenzao hawakuwatolea macho. Waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, ambao ulivuka mipaka ya lugha hata wasiojua Kiganda wakaujua kwa moyo. Mtu ametaja aibu yake, na kabla ya aibu hiyo kukaa katikati ya chumba, masikio yote yamegeuzwa kwa Mwokozi. Hapo naona hekima kubwa sana. Udhaifu haukufichwa, wala haukuachwa uwe ndiyo habari kuu.

Lakini sitaki kuwapamba wazee wetu kuliko walivyokuwa. Baadhi ya mahali kukiri kukageuka desturi, mtu akatazamwa kwa jicho la shaka asipokuwa na dhambi mpya ya kutaja. Yaliyosemwa kikundini yakafika sokoni. Vikundi vikagawanyika juu ya mavazi na juu ya mikopo, na neema iliyowaokoa bure ikawekewa kanuni mlangoni. Ndiyo maana sisemi kila jambo lipelekwe mimbarini. Mengine ni ya ndugu wawili wanaojua kutunza siri, na mchungaji asiyeweza kuitunza asiombe kuambiwa.

Najua pia wachungaji wanachohofia. Wanasema ukimwambia mlevi kwamba neema ipo, utakuwa umempa ruhusa. Swali hilo ni la zamani. Paulo mwenyewe aliulizwa, na jibu lake katika barua kwa Warumi ni la ukali: aliyefia dhambi ataendeleaje kuishi ndani yake? Ila angalia maisha yalivyo. Yule wa benchi la nyuma hanywi kwa sababu amesamehewa mno. Anakunywa peke yake, usiku, kwa sababu hakuna hata mmoja kanisani anayejua, na Jumapili anakuja amenyoosha shati kama mgonjwa anayemwambia daktari hajambo. Angekuwa na ndugu wawili wanaojua, siku ya mshahara wangempitia nyumbani kabla hajapita kilabuni. Neema ya Mungu mara nyingi humfikia mtu kwa miguu ya jirani.

Nimalizie na Askofu Festo Kivengere, mmoja wa walokole hao. Wasikilizaji wa Dodoma mnaweza kuwa na wazee waliofundishwa naye, maana kabla ya uaskofu alikuwa mwalimu huko. Mwaka 1977 alikuwa askofu wa Kigezi, Uganda. Tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala pamoja na mawaziri wawili, na serikali ya Idi Amin ikasema ilikuwa ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda.

Huyu alikuwa mhubiri wa msamaha kwa zaidi ya miaka thelathini. Bara zima lilimsikiliza. Lakini uhamishoni aligundua kwamba moyo wake umekuwa mgumu, kwamba anamchukia Amin, na kwamba chuki hiyo inamla. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa ibadani London, akitafakari maneno ya Yesu msalabani juu ya waliomtundika, alikiri kwamba hana msamaha wa kutoa. Hakujilazimisha kutamka asichokuwa nacho. Aliomba apewe, na alipopewa aliandika kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi, maana alitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuacha kusema wazi juu ya mauaji yale. Aliwahudumia wakimbizi wenzake, na Amin alipoangushwa mwaka 1979 akarudi nyumbani kwa watu wake.

Ningemheshimu hata kama angetuambia tu kwamba alisamehe. Lakini alitueleza pia siku zile za chuki, askofu mzima, jina kubwa, na wapo Waganda waliofiwa ambao wasingeweza kumwamini kama angeruka sehemu hiyo.

Wachungaji wangu mnaonisikiliza, Jumapili hii mkifungua kipindi cha ushuhuda, msiulize tu nani ameshinda. Ulizeni na nani bado anaomba kitu ambacho hajapewa, kisha mpeni kipaza sauti, na akimaliza msimkimbilie na mstari wa kumrekebisha. Muulizeni anakaa mtaa gani, na nani kati yenu ataenda kumwona Jumanne.