Namba 115 na uhai wa mzazi

Tukitaja simu na afya, wengi hufikiria simujanja na makundi ya WhatsApp. Lakini m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito uliozinduliwa kitaifa nchini Tanzania Aprili 2022 baada ya kujaribiwa Kanda ya Ziwa, unaonyesha kuwa hata simu ya kitochi inatosha. Mjamzito akipata dharura kule Itigi au Mkalama mkoani Singida, ndugu au mhudumu wa afya hupiga 115 bila malipo. Anayepokea huuliza dalili, huamua kituo kinachofaa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye nauli yake hulipwa kwa simu. Familia haianzi kuchangishana fedha za gari usiku wa manane.

Wapo wanaosema teknolojia haina maana mahali ambapo mtandao hukatika na mvua hugeuza barabara kuwa tope. Hoja hiyo ina uzito, lakini inadai minara na barabara. Haidai simu iachwe. Wengine huona makundi ya mitandaoni yanatosha. Hayatoshi: ujumbe wa kundini huenda ukasomwa asubuhi, au ukaleta ushauri wa dawa usio na mwenyewe, na mzazi anayevuja damu hana muda huo. Kundi likumbushe siku za kliniki. Dharura iende kwa aliye zamu kwenye 115. Halmashauri zetu zisajili madereva hadi vitongojini, na kila nyumba yenye mjamzito iihifadhi namba 115 leo, kabla uchungu haujaanza.