Ligi Imefungwa, Kazi ya Kocha Haijafungwa

(Mada iliyotolewa mjini Voi mbele ya makocha wa timu za watoto, vijana na wazazi)



 Masheikh wetu, walimu wetu, wazazi wetu, na nyinyi ndugu zangu makocha mnaofundisha watoto wetu bila mshahara, ahsanteni kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni mwanafunzi tu wa chuo kikuu, na baadhi yenu mlinifundisha mimi mwenyewe, madrasa na uwanjani. Kwa hivyo nikiteleza mnisahihishe.

Mada niliyopewa ni soka ya vijana wakati ligi imefungwa. Mwenzangu mmoja aliposikia alicheka, akaniambia, "Ligi ikifungwa kuna nini tena cha kusema? Si kocha akapumzike!" Ndipo nikamkumbuka golikipa wetu.

Tulikuwa na miaka kumi na nne. Golikipa wetu alikuwa kijana mrefu, mpole, na madrasani alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Qur'ani. Ligi ilifungwa mwezi wa Novemba pamoja na shule. Hakuna aliyetuambia tutarudi lini wala tufanye nini. Mipira ikafungiwa stoo, kila mtu akashika njia yake. Tuliporudi Januari, golini hapakuwa na mtu. Kumbe alianza kukaa maskani na vijana wakubwa, wakawa wanamtuma, wakampa muguka. Kisha akaacha shule akaenda machimbo ya vito upande wa Kasighau. Kocha alikuja kupata habari kamili mwezi wa Machi. Alisikitika sana, lakini mtoto alikuwa ameshakwenda. Miaka minne tulicheza naye, na miezi miwili ilitosha kumpoteza.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Faragha ni ule wakati mtu hana shughuli. Sasa hebu tujiulize: ligi ikifungwa, mtoto ana nini? Ana afya na ana faragha. Anazo zote mbili kwa pamoja, na hana wa kumuongoza. Msimu wa mechi kocha anashughulika na ushindi. Ligi ikifungwa ndipo anapata nafasi ya kumshughulikia mtoto mwenyewe. Hilo ndilo neno langu leo, na nitalieleza kwa mambo matano.

La kwanza, mwili upumzike. Wapo makocha wanaodhani likizo ni ya kuwakimbiza watoto mlimani mpaka watapike ili wawe ngangari. Mimi nilikimbizwa hivyo, goti likavimba chini kidogo ya pia, nikaambiwa "jikaze". Baadaye nikajifunza kuwa mtoto anapobaleghe mifupa inarefuka haraka, na misuli ya paja inavuta pale mahali palipo laini bado. Dawa yake kubwa ni kupunguza mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kijana apumzike na mchezo wake jumla ya miezi mitatu kwa mwaka, hata kama ni mwezi mmoja mmoja, na apate siku moja au mbili za mapumziko kila wiki. Kupumzika si kulala kutwa. Aendeshe baiskeli, amsaidie mama kuteka maji, acheze mpira wa mtaani bila filimbi.

La pili, daftari. Chukua daftari la bei ndogo, andika jina la kila mchezaji, na mbele yake mambo matatu: anachokiweza, kinachomshinda, na hali ya nyumbani kwake. Hapo kwenye hali ya nyumbani ndipo wengi wetu tutakwama. Utakuta unajua fulani anapiga kwa mguu wa kushoto, na hujui kama jana usiku alikula. Lau golikipa wetu angeandikwa mahali, huenda mtu angeuliza mapema.

La tatu, kocha naye asome. Daktari anasoma, sheikh anasoma, sisi kwa nini tufundishe vile vile tulivyofundishwa? Jifunze huduma ya kwanza. Jifunze pia mazoezi ya kupasha mwili yaliyotayarishwa na FIFA, yale yanayoitwa "11+". Yanachukua kama dakika 20 na hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 kwa wasichana wa Norway wa miaka 13 hadi 17 ulionyesha kuwa timu zilizoyafanya zilipunguza majeraha makubwa karibu kwa nusu. Kwa viwanja vyetu vya mawe na vumbi, jamani, hiyo si faida ndogo.

La nne, nenda nyumbani kwao. Hili ndilo zito zaidi. Mnakumbuka Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na hii yetu ya Taita Taveta zilitangaza kuipiga marufuku muguka, na jambo lile likafika mahakamani. Wazee walibishana redioni, na huku mtoto yuko pale pale maskani. Hatuwezi kungoja mahakama. Kocha akipita Sofia au Mwakingali jioni, akabisha hodi, akasema, "Mama, hujambo? Nimekuja kumuangalia kijana wangu," amefanya kazi ambayo hakuna askari atakayeifanya. Na nyinyi wazazi wetu, kocha akija msimfikirie vibaya. Mkaribisheni japo kwa maji. Mwambieni kama mtoto amebadilika, anachelewa kurudi, au halali usiku.

La tano, mpeni mtoto kazi ya maana. Kule Mathare, Nairobi, kulianzishwa chama cha michezo cha vijana mwaka 1987, MYSA, na wakaweka utaratibu kwamba timu ikisafisha mtaa inapata pointi kwenye ligi: pointi sita kwa usafi, na tatu kwa kushinda mechi. Yaani ufagio ulikuwa na thamani kuliko bao! Hapa jirani Kilifi, Moving the Goalposts ilianza mwaka 2001 kwa ajili ya wasichana, na mpira ukawa njia ya kuwafundisha afya na kujiamini. Sisi hatuna fedha zao, lakini mawe ya uwanjani tunaweza kuyaokota. Kisima cha msikiti tunaweza kukisafisha. Na dada zetu nao tuwatengee wakati na mahali pao pa heshima pa kufanyia mazoezi, pamoja na walimu wa kike.

Sasa nije kwenye Ramadhani. Mwezi huu kwa timu zetu nyingi ni mapumziko yenyewe, na naona makosa mawili. Wengine wanaacha kila kitu siku thelathini. Wengine wanaandaa vikombe vya usiku, na mechi inapigwa wakati tarawehe inasaliwa. Unasikia imamu ndani na filimbi nje! Njia ya katikati ipo. Siku tatu kwa wiki, muda wa nusu saa kabla ya Maghrib jua likishapoa, wafanye mazoezi mepesi: pasi, kutuliza mpira, kunyoosha viungo. Mbio ziache. Adhana ikilia, tende na maji viko pale pale. Voi yetu mwaijua kwa joto. Mtoto akipata kizunguzungu, akichefukwa au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, msimamishe, mtie kivulini, mmwagie maji, na akiwa na fahamu zake kamili umpe anywe; aliyeanza kusema maneno yasiyoeleweka apelekwe hospitali haraka. Dini yetu imempa ruhusa mwenye kuhofiwa kudhurika, atailipa siku nyingine. Na mdogo ambaye hajabaleghe akiomba maji, asichekwe.

Tusione haya kuiweka ibada mbele. Tarehe 26 Aprili 2021 huko Uingereza, Leicester ikicheza na Crystal Palace, mchezo ulisimama kidogo baada ya jua kuzama ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Manahodha na refa walikubaliana kabla, na kipa wa Palace akachelewesha kuupiga mpira. Ikiwa ligi yenye mabilioni ya pesa iliweza kungoja tende, kombe letu la mtaani halitashindwa kungoja tarawehe.

Ndugu zangu makocha, namalizia kwa ombi moja. Usiku wa leo andika majina ya vijana wako. Kabla ya Idi, uwe umemuona kila mmoja wao kwa macho, nyumbani kwao au msikitini. Ukikuta jina ambalo hujui liko wapi, anza na hilo. Pengine kuna golikipa sasa hivi amekaa mahali anangoja mtu amuite, na wewe ndiye unayelijua jina lake.

Yule wetu nilimuona mwaka jana stendi ya Voi. Amekonda. Alinikumbatia, akaniuliza, "Timu bado ipo?" Nikamwambia ipo. Akasema, "Wasalimie." Salamu zake nimezifikisha kwenu leo.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awahifadhi vijana wetu, na awarudishe waliopotea. Amin.