Saa Moja Ndani ya Maji ya Chumvi



Nimeombwa niseme machache juu ya utulivu wa akili. Mimi si mwanachuoni. Masomo yangu yalikoma sekondari, na tangu hapo nimeuza mabati, saruji na misumari. Basi nitasimulia lile nililolipitia mwenyewe.

Miaka michache iliyopita usingizi ulinihama. Kila nilipolala, akili ilifungua duka: wadaiwa, bei za chuma, shehena iliyokwama bandarini. Mchana nilikuwa mkali kama pilipili. Siku moja mabati 40 yalikosekana ghalani, nami mbele ya wafanyakazi wote nikamwita mwizi mtunza ghala wetu, mtu aliyeshika funguo zetu tangu enzi za marehemu baba. Aliziweka funguo mezani, akaondoka bila neno. Kesho yake alirudi kazini, kwa kuwa ana wajukuu wa kusomesha. Baada ya wiki mbili niligundua kwamba ni mimi niliyeandika idadi ile vibaya, usiku wa manane. Nikasahihisha daftari. Yeye sikumwambia kitu.

Mwaka uliofuata nilimtembelea binti yangu Leicester, mji wa Uingereza ambako wengi wa jamaa zetu kutoka Afrika Mashariki waliweka makazi, hasa baada ya 1972. Aliponikuta nikizunguka sebuleni saa tisa za usiku, akanilipia vipindi vitatu katika tangi la kuelea. “Papa, nenda ukalale majini,” akasema. Nikadhani ananitania.

Tangi lenyewe ni kama kitanda kipana chenye mfuniko. Kina cha maji ni sentimita 25 hadi 30 hivi, na joto lake ni nyuzi 34 au 35, karibu sawa na joto la ngozi, hata baada ya muda hujui mwili unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Ndani yake huyeyushwa chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, si chumvi ya mezani. Kwa kawaida kilo 400 hadi 500, uzito wa mifuko minane hadi kumi ya saruji. Kwa sababu hiyo hakuna anayezama, hata mnene kama mimi. Unaoga kwanza, unaziba masikio, unazima taa. Mwenye kidonda kibichi atajuta, na mwenye kifafa au maradhi mengine amwone daktari wake kwanza.

Aliyeanzisha jambo hili ni John C. Lilly, daktari Mmarekani, mwaka 1954. Wataalamu walibishana wakati ule: je, ubongo ukinyimwa mwanga, sauti na mguso, utalala? Lilly aliona kwamba haulali. Huendelea na shughuli zake wenyewe. Katika miaka ya 1970 Glenn Perry akatengeneza matangi ya kuuziwa watu wa kawaida, na jina lililochaguliwa ni la Kisanskriti: Samadhi. Nilitabasamu niliposikia hivyo. Utulivu ambao wahenga wetu waliutafuta maisha yao yote, sasa unalipiwa kwa saa.

Kipindi cha kwanza nilitarajia ukimya. Nikakuta duka langu lote limo mle ndani. Simu haikuwapo, wateja hawakuwapo, magari hayakusikika, na bado kelele ilikuwa ile ile. Miaka yote nilikuwa nimewalaumu wateja. Kisha chumvi ikaniingia jichoni, nikatoka kabla ya wakati.

Kipindi cha pili sikushindana na mawazo. Nilisikiliza pumzi na mapigo ya moyo, ambayo mle husikika kama ngoma ya mbali. Bei za chuma zikapita, wadaiwa wakapita. Uso wa mtunza ghala haukupita.

Kipindi cha tatu, ni yeye tena. Nilitoka, na kabla nywele hazijakauka nikampigia simu. Nikamwambia kwamba nilikosea, na kwamba nitayasema hayo mbele ya wale wale waliosikia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mzee, mwaka mzima nasubiri neno hilo.” Usiku ule nililala hadi alfajiri.

Je, ni chumvi au ni simu? Siwezi kuapa. Mwaka 2018, Justin Feinstein na wenzake wa Tulsa, Marekani, walitangaza kwamba watu 50 wenye maradhi ya wasiwasi na msongo walipata nafuu kubwa baada ya saa moja ya kuelea. Ni habari njema, ila watu 50 ni wachache, na hapakuwa na wagonjwa wengine wa kulinganishwa nao. Mfanyabiashara hanunui shehena kwa kuonja punje moja. Katika sura ya sita ya Bhagavad Gita, Arjuna analalamikia akili isiyoshikika, na Krishna anamjibu kwa kutaja mazoezi na kuacha kung’ang’ania. Chumvi haitajwi.

Hapa kwetu sina tangi. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya kufungua duka, hujilaza juu ya mkeka nyuma ya ghala, taa zimezimwa, simu nimemkabidhi mtunza ghala. Wakati ukifika, yeye hugonga mlango mara moja. Siku nyingine hunikuta nakoroma, na hana haya ya kuwasimulia wenzake.