Somo la Mifugo: Ng'ombe Akiingia Joto

Chukueni madaftari. Neno la leo ni JOTO.

Ng'ombe asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Joto lenyewe huwa fupi, halizidi siku moja. Likikupita, umepoteza majuma matatu. Majani atakula, lakini ndama hayupo.

Dalili ni hizi. Ng'ombe hulia, hatulii, na maziwa hupungua. Ute ung'aao huonekana nyuma. Dalili kubwa ni hii: akipandwa na mwenziwe, husimama wala hakimbii. Lakini wengi wetu tuna ng'ombe mmoja tu bandani. Nani atampanda? Basi mtazame mwenyewe, alfajiri, mchana, na usiku kabla ya kulala.

Kumbukeni kanuni hii. Ukiona joto asubuhi, apewe mbegu jioni ile ile. Ukiona jioni, apewe kesho yake asubuhi. Kwa nini? Yai hutoka joto likiisha kwisha, na mbegu haziishi muda mrefu. Lakini mwite mhimilishaji mara uonapo dalili, maana barabara zetu wakati wa mvua mnazijua.

Ukiona damu kidogo nyuma, joto limekwisha kupita. Usimwite. Andika tarehe, ungoje joto lijalo.

Zoezi: Ng'ombe wa mama mmoja alipewa mbegu tarehe 3 Machi. Kama hakushika mimba, joto litarudi lini? Hesabuni. Naam, karibu na tarehe 24 Machi. Aiandike ukutani, asiisahau.

Kwaherini.