Chungulia Mtutu Kabla ya Kutoa Pesa

Leo narudia lile lile, na nitalirudia mpaka lisikike: bunduki ya mtumba haikaguliwi kwa nje. Kila mara nasikia mtu kapasukiwa na mtutu, vidole vimekwenda, jicho limekwenda, na wenzake wanasema, "Lakini ilikuwa inang'aa!" Kitako hupigwa vanishi, chuma hupakwa rangi. Mtutu je, uliuchungulia?

Hakikisha haina risasi, ifungue, uelekeze mtutu kwenye mwanga, utazame ndani kutokea upande wa chemba. Ukiona vishimo vya kutu, mwenye nayo alikuwa akirudi shambani na mvua anaisimika nyuma ya mlango bila kuisafisha. Ukiona pete ya kivuli imezunguka ndani, mtutu umevimba: siku moja ulifyatuliwa ukiwa umeziba. Usiinunue hata akishusha bei.

Umeziba kwa nini? Kwa tope, au kwa uzembe wa kuchanganya risasi mfukoni. Risasi ya geji 20 ni nyembamba. Ukiitumbukiza kwenye shotigani ya geji 12, inapita chemba inakwama mbele. Wewe unaona tundu tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua. Ndiyo maana za geji 20 hutiwa rangi ya manjano. Manjano yale ni onyo!

Nanyi walinzi mnaopokezana bunduki moja jioni, mnasaini daftari na kuitundika begani. Mwenzako wa mchana aliiegemeza mdomo chini kwenye udongo. Ifungue kwanza!

Leseni haina mjadala. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo. Namba ya kwenye chuma isipolingana na ya kwenye karatasi, ondoka.

Mliorithi za babu, nisikilizeni. Mtutu wenye michirizi ya mawimbi ulitengenezwa kwa chuma kilichosokotwa, na mingi ni ya enzi za baruti nyeusi. Leo unaipa risasi ya kisasa! Kama ni ya Uingereza, tafuta chini ya mtutu mihuri ya upimaji ya London au Birmingham, na fundi silaha aisome. Apime na chemba: ya milimita 65 haitaki risasi ya milimita 70. Itaingia vizuri, lakini ganda likifunguka linabana njia, na shinikizo linapanda.

Muuzaji akikuzuia kuifungua, usibishane naye. Ondoka na pesa yako.